Jinsi Nilivyoitafuta Misi ya Corolla Yangu Nikiwa Nyumbani

Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1498, silinda nne na vali kumi na sita. Ninalo kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Limenipeleka kazini kila asubuhi kutoka Mbezi hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam, na limewabeba wazazi wangu wote wawili kwenda hospitali katika miaka yao ya mwisho. Naanza na hilo ili msomaji aelewe kwa nini, fundi aliponiambia kwamba injini imekwisha na dawa yake ni kuing'oa na kuweka nyingine ya mtumba, nilishindwa kuitikia hapo hapo.

Tatizo lilianza wakati wa masika. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha niliwasha gari, likawaka vizuri, lakini lilipokuwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, likawa linatetemeka kiasi kwamba kioo cha kati kilikuwa kinacheza mbele ya macho yangu. Nilishuka nikasikiliza bomba la moshi. Badala ya mlio mmoja unaokwenda sawa, nilisikia mlio unaokatika, unaruka, unarudi, kama mtu mwenye kwikwi. Barabarani hali ilikuwa mbaya zaidi: kwenye tambarare gari lilikwenda, ila nilipoanza kupanda kilima cha Kimara na kukanyaga mafuta, lilijivuta na kusitasita hadi daladala zikanipita zikinipigia honi.

Kwa wasioizoea lugha ya gereji, gari kumisi ni pale silinda moja au zaidi inaposhindwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwa zamu yake. Injini ya aina hii inapozunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka mara 400 katika dakika hiyo, kwa kuwa huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Silinda moja ikinyamaza, tatu zilizobaki huibeba, na pengo hilo linalorudi mara 400 kwa dakika ndilo dereva analolisikia kwenye usukani, kwenye kiti na kwenye mguu.

Gereji niliyokwenda kwanza walibadilisha plagi zote nne, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Misi ikatulia siku mbili, ikarudi. Wakasafisha nozeli zinazopulizia petroli, haikubadilika. Wakaniuzia distributa ya mtumba, ile inayogawa umeme kwa kila plagi, pamoja na koili iliyomo ndani yake inayoukuza umeme huo, na misi ikabaki pale pale. Walichomeka kifaa cha kusomea kompyuta, kifaa kikashindwa kuwasiliana na gari, na hapo ndipo lilipotoka neno la kung'oa injini. Nilikuwa nimeshatumia zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Simlaumu fundi kwa nia mbaya, kwa sababu alikuwa na magari sita yanayomsubiri. Lakini nilipofika nyumbani na kufikiri kwa utulivu niligundua kwamba, katika siku zote hizo, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameuliza swali la kwanza kabisa: silinda ipi ndiyo inayomisi? Tulikuwa tunanunua majibu kabla ya kuuliza.

Jumamosi iliyofuata nililiegesha gari uani, mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wa gari ndani ya banda lililofungwa huua bila kuonya. Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa likizo na anapenda kazi za mikono. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: soketi ya plagi ya namba 16 yenye kiendelezo kirefu, multimita ya bei nafuu (kifaa cha kupimia umeme), tochi, bisibisi, plagi moja ya akiba, matambara safi na kalamu ya wino mzito.

Tulianza na kompyuta ya gari, maana haigharimu kitu. Corolla nyingi za miaka hiyo zilizotoka Japani zina kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa kwa herufi. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kuwaka na kuzima kwa hesabu. Taa yetu iliwaka na kuzima haraka haraka bila kituo, na maana yake ni kwamba hakuna kosa lililohifadhiwa. Hapa wengi hudanganyika. Gari jipya lina kompyuta inayopima mwendo wa kila silinda, na linaweza kukuandikia hata namba ya silinda iliyokosa moto. Gari la rika hili halihesabu misi hata kidogo. Taa kusema hakuna kosa kulituhakikishia tu kwamba vihisi vikubwa, kama kile cha joto la maji na kile cha mzunguko, vilikuwa vinaongea na kompyuta. Kuhusu moto wa plagi, taa hiyo haina neno.

Kisha tukaiendea silinda yenyewe. Njia ninayoipenda ni kuchomoa soketi ya umeme ya nozeli moja moja injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu silinda inayonyimwa petroli haitupi mafuta mabichi kwenye bomba la moshi. Kwenye injini hii nozeli ziko nyuma, chini ya manifodi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, na mkono wangu haufiki bila kuchubuka. Kwa hiyo tulitumia nyaya za plagi, lakini kwa utaratibu. Injini ikiwa imezimwa, tulichomoa waya mmoja kutoka kwenye plagi yake, tukauchomeka kwenye ile plagi ya akiba tuliyoibana vizuri kwenye chuma cha injini ili ipate ethi, ndipo tukawasha, tukasikiliza kwa nusu dakika, tukazima. Usichomoe waya injini ikiwa inaunguruma na kuuacha ukining'inia. Umeme ule unaweza kufika volti 20,000 na zaidi, nao usipopata njia ya kwenda utajitafutia wenyewe, ama kupitia mkono wako ama kupitia saketi iliyomo kwenye distributa. Na usikawie, kwa kuwa petroli isiyoungua huenda kuwakia kwenye katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, na kuiharibu kwa joto.

Silinda huhesabiwa kuanzia upande wa mkanda wa taimingi. Tulipoinyima moto silinda ya kwanza, injini ikayumba na karibu izime. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, hakuna kilichobadilika, mtetemo ukabaki ule ule kama vile hatukugusa kitu. Ya nne, ikayumba tena. Kazi hiyo ilituchukua kama dakika ishirini, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze nilikuwa na jambo moja ninalolijua kwa hakika.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba sasa silinda ya tatu inatudai mambo matatu: moto, petroli na mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kuubana mchanganyiko ndani ya silinda. Moja kati ya hayo halipo, au lipo lakini halitoshi. Plagi ya silinda hiyo, ambayo ilikuwa na wiki tatu tu tangu inunuliwe, ilitoka imelowa na inanuka petroli, wakati zile nyingine zilikuwa kavu zenye rangi ya kahawia iliyofifia, kama ganda la mkate. Kulowa kulituambia kwamba petroli ilikuwa inafika. Tuliihamishia kwenye silinda ya kwanza na ya kwanza tukaileta kwenye ya tatu. Tulipowasha, misi haikuhama na plagi, ilibaki kwenye silinda ya tatu. Kubadilishana vipuri namna hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwani kipuri kibovu huhama na ubovu wake, tena hulipi hata senti.

Mgandamizo tuliupima mchana huo huo kwa geji niliyoazima kwa jirani. Injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje, soketi ya distributa imechomolewa na fyuzi iliyoandikwa EFI imetolewa, mpwa wangu alikanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Silinda ya tatu ilitoa 172, na zile nyingine zilikuwa kati ya 170 na 178 kwa kipimo cha psi. Kitabu cha huduma cha injini ya 4A-FE, ambayo ni ndugu wa damu wa hii yangu, kinataka isipungue 142 na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Nilikaa kwenye ukingo wa ua nikaziangalia zile namba nne nilizoziandika kwenye kiganja cha mkono. Injini niliyoambiwa imekwisha ilikuwa nzima.

Basi ukabaki moto. Nilipima nyaya za plagi kwa multimita nikitarajia kukuta waya wa tatu umekatika. Toyota huruhusu ukinzani, yaani kiasi waya unavyozuia umeme, usiozidi kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Waya wa tatu ulisoma kilo-omu 9, mzuri kabisa. Nikiri kwamba hapo nilivunjika moyo, na nilikaribia kurudi gereji. Nilichokuwa sijakitafakari ni kwamba multimita hupima njia ya umeme iliyomo katikati ya waya, haipimi ngozi yake. Betri ya volti 9 iliyomo ndani ya kifaa hicho haiwezi kuvuka ufa ambao volti 20,000 huuvuka bila shida. Waya unaweza kupitisha umeme vizuri na papo hapo ukauvujisha njiani.

Tulingoja usiku. Saa tatu hivi tulizima taa zote za uani, tukafungua boneti, nikanusa kwanza kuhakikisha hakuna harufu ya petroli popote, nikawasha injini. Mpwa wangu alishika chupa ya kunyunyizia maji ambayo mke wangu huitumia anapopiga pasi, nikamwonya akae mbali na feni na asiguse kitu chochote. Bila maji hatukuona chochote. Alipopuliza ukungu mwepesi juu ya nyaya, sauti ya injini iliharibika mara moja.

"Mjomba, mbona kama radi?"

"Wapi, mjomba?"

"Pale, chini ya ule waya, unaona? Tena!"

Niliinama. Kwenye shingo ya kofia ya mpira ya waya wa tatu, pale inapotokeza juu ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, uzi mwembamba wa buluu ulikuwa unaruka hadi kwenye nati ya kava iliyo karibu, ukifanya mlio mdogo wa ta-ta-ta. Haukuruka kila mara. Niliposogeza waya wa mafuta kwa kidole ili kupandisha resi, uliruka kwa kasi zaidi, na kila uliporuka, injini ilijikwaa.

Jambo hilo lilinieleza kilima cha Kimara. Dereva anapokanyaga mafuta mlimani, hewa inayoingia kwenye silinda huongezeka na shinikizo lake hupanda, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi ili kuuvuka mwanya wa plagi. Umeme hufuata njia rahisi. Kwenye tambarare njia rahisi ilikuwa bado mdomo wa plagi, angalau mara nyingine. Mlimani njia rahisi ikawa ule ufa. Na siku ya mvua unyevu uliulainishia njia zaidi.

Asubuhi nilichomoa waya ule kwa kuzungusha kofia yake taratibu, kamwe usivute waya wenyewe. Mpira uliokuwa ndani ya tundu la plagi ulikuwa umevimba na kulainika kama embe lililoiva kupita kiasi, na ubavuni mwake kulikuwa na alama ya kijivu iliyoungua, imejikunja kama mzizi. Nikafunga tambara kwenye ncha ya bisibisi na kulishusha ndani ya tundu. Lilirudi jeusi linachuruzika oili. Plagi niliyoitoa hapo, ingawa ilikuwa imekaa siku moja tu mahali pale, tayari ilikuwa na utando wa oili kwenye kauri yake nyeupe. Na ile iliyokuwa kwenye silinda ya tatu tangu mwanzo, nilipoisafisha na kuielekeza kwenye jua, ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele kutoka juu hadi kwenye chuma. Mstari ule ni njia ya kaboni. Ukishachorwa, plagi haifai tena, hata ukiisugua.

Sasa nikaelewa pia kwa nini plagi mpya zilitibu gari kwa siku mbili. Kauri safi ilistahimili kwa muda, oili ikaifikia, mchezo ukaanza upya. Na hata kama fundi angebadilisha nyaya, baada ya miezi kadhaa mpira mpya ungeoza kama ule wa zamani, kwa kuwa chanzo kilikuwa juu yake: pete za mpira zinazozunguka matundu ya plagi chini ya tapeti kava. Miaka mingi ya joto huzigeuza kuwa ngumu kama plastiki, na oili inayorukaruka juu ya kemshafti, ile mihimili inayofungua vali, hupenya na kushuka tundu hadi tundu. Kwenye injini za familia hii ni ugonjwa wa kawaida, na yeyote mwenye Corolla au Carina ya zama hizo anaweza kuukagua kwa tochi kabla hajanunua chochote.

Kariakoo nilinunua gasketi ya tapeti kava pamoja na pete zake nne, seti ya nyaya na plagi nne. Kuhusu plagi, angalia namba yake ya mwisho: kwa watengenezaji wakubwa wa Japani tarakimu 11 mwishoni huonyesha mwanya wa milimita 1.1, na usinunue mpaka umelinganisha na kitabu cha gari lako. Kabla ya kufungua plagi tulikausha oili yote kwenye matundu, la sivyo ingemwagikia ndani ya silinda. Nyaya tuliziandika namba kwa kalamu kabla ya kuzitoa, kwa sababu mpangilio wa moto wa injini hii ni 1-3-4-2, na ukichanganya nyaya mbili tu utajitengenezea misi mpya kwa mkono wako. Nati za kava hazitaki nguvu. Tulizikaza kidogo kidogo kwa zamu, kwa mkono mmoja ulioshika soketi fupi.

Nilipokuwa nafuta kava, nilichomoa vali ndogo iliyochomekwa juu yake, ile ya PCV ambayo injini huitumia kuvuta mvuke wa oili kutoka ndani na kuurudisha kwenye manifodi ukachomwe. Niliitikisa karibu na sikio. Vali nzima hulia kama punje kwenye kibuyu. Yangu ilikuwa bubu, imeganda kwa masizi ya oili. Maana yake ni kwamba kwa muda ambao siwezi kuukadiria, injini ilikuwa imezibwa pumzi, shinikizo la ndani likiisukuma oili kila inapopata upenyo, na pete zilizochakaa ndizo zilikuwa upenyo wa karibu. Kipuri hicho ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye gari zima. Ningezifunga pete mpya na kuiacha vali ile ikiwa imeziba, nazo zingeanza kuvuja mapema kuliko zinavyopaswa.

Tulimaliza Jumapili jioni. Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza na sailensa ikatulia karibu na 800. Kioo cha kati kikanyamaza. Mpwa wangu alikwenda nyuma akaweka kiganja chake mbele ya bomba la moshi, hajakigusa, akasema pumzi inatoka sawasawa. Tulirudia kupuliza maji usiku ule ule, gizani, na hatukuona kitu.

Jumatatu nilipanda Kimara mvua ikinyesha, gia ya nne, bila kusitasita. Baada ya kilomita elfu moja mpwa wangu, ambaye sasa analiita gari lile letu, alichomoa waya wa tatu, akashusha tambara jeupe kwenye ncha ya bisibisi hadi chini ya tundu, akalipandisha na kulikunjua juani. Lilikuwa jeupe vile vile.